Stata Iliyokataa Kuondoka

Pale dukani walimwita Mizani, na hakuna aliyejali tena kama alikuwa na jina jingine. Kila kifurushi kilichoingia stoo ya spea, kikubwa kwa kidogo, lazima kipande kwanza juu ya mizani yake ya bluu, uzito uandikwe kwenye boksi kwa kalamu nene nyeusi, ndipo mtu mwingine akiguse. Bosi mwenyewe aliwahi kupita na boksi la plagi kwapani bila kulipima. Akaitwa arudi, akarudi. Kwa miaka ishirini na sita Mizani alipokea spea na kutuma spea, na mafundi walisema ukitaka kujua nati fulani imelala rafu ipi, usifungue daftari, muulize yeye.

Mtu wa namna hiyo habahatishi wala hababaiki. Ndiyo maana yaliyompata na ile stata yalimwingia mpaka kwenye mifupa.

Fundi mmoja, ambaye kwa mwendo wake wa kazi walimbatiza Polepole, aliagiza stata, ile mota ya kuwashia injini, ya basi la shule. Ikaja, ikapimwa, kilo nne na robo, ikafungwa, basi likawaka. Sasa, wauzaji wa stata hizi wana sharti lao: ukichukua nzima, warudishie iliyokufa, wao wataijenga upya. Tena irudi ndani ya boksi lilelile lililoleta mwenzake, kwa sababu limetengenezwa kwa umbo lake. Polepole akaleta stata kuukuu, imejaa grisi, na juu yake alama ya rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe. Mizani akaipima, nne na nusu, akaandika, akaipakia, akabandika lebo ya kuirudisha, akamkabidhi dereva wa kampuni ya vifurushi. Dereva huyo alijulikana kama Saini, maana hata ukimsalimia hukunyooshea karatasi.

Siku ya nne Saini akaingia na boksi.

"Shikamoo mama. Tia saini hapa."

"Marahaba." Akatia. Akaliweka boksi juu ya mizani, akasoma kilo nne na nusu, akainua kalamu aandike. Akakuta imeshaandikwa. Mwandiko ni wake, na ile nne yenye mkia mrefu haina mwingine wa kuiandika hapo dukani. Akakata selotepu. Alama nyekundu ikamtazama.

"Hii mimi nimeituma," alisema.

"Mimi naleta ninachopewa, mama," Saini akajibu, akaenda zake.

Mizani akavuta droo, akaitoa risiti. Risiti ilisema mzigo umeondoka, tarehe hii, saa hii. Boksi lilisema mzigo uko hapa. Kama stata iko hapa, basi alituma nini? Akazunguka rafu moja baada ya nyingine na daftari mkononi, akihesabu pampu, beringi, mikanda. Hakuna kilichopungua. Njiani aliona maboksi ya zamani yamechorwa ubavuni mistari miwili myeusi iliyokatana, kila moja, akashangaa kidogo ni nani mwenye mchezo huo, akaendelea kuhesabu. Mpaka jioni alikuwa hajui kama alituma hewa au aliota tu kwamba ametuma.

Aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji aliyestaafu, mwenye maneno machache na macho makali. Alimsimulia mezani.

"Utakuwa umechoka," dada alisema.

"Pengine."

Wakaendelea kula, na kila mmoja alijua mwenziwe anamfikiria nani. Mama yao alianza na chumvi. Kusahau chumvi siku moja si kitu, mpishi gani hajasahau? Mama hakusahau. Chumvi ilimtoka kabisa. Mwanamke aliyepika miaka arobaini aliwekewa kibakuli mbele yake, akauliza hii ni ya nini. Baadaye ukafuata ufunguo wa nyumba, halafu njia ya kurudi, mwisho majina yao wenyewe. Miaka mitatu ilitosha.

Asubuhi yake Mizani hakutaka mchezo. Akamwita Polepole asimame kama shahidi, akafanya kazi kwa sauti, akihesabu kwa vidole. Stata ndani. Karatasi pembeni isigongwe. Selotepu. Lebo juu. Vinne.

"Umeona nilichotia?"

"Nimeona. Stata."

"Ina nini?"

"Ina alama nyekundu, mama, na mimi ndiye niliyeipaka. Unataka niape?"

"Nataka ukumbuke," alisema, na fundi akashindwa kujua kama huo ni utani.

Saini akachukua boksi. Mizani akalisindikiza kwa macho mpaka mlango wa gari ulipofungwa, akarudi kitini. Siku tano zilipita kwa amani. Ya sita, Saini akasimama mlangoni na boksi kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuomba saini.

Jamani, stata ni chuma. Haina miguu. Mizani aliligusa boksi kwa ncha ya kidole. Yeye alituma, shahidi aliona, dereva alichukua, na kitu kiko mezani. Alifikiria kwamba labda hata Polepole hakuwepo siku ile, akaona aibu kumuuliza.

Bosi akatoka ofisini, akalitazama boksi, akamtazama yeye. "Mizani," alisema kwa upole, "nikutafutie mtu wa kukusaidia kupokea?"

Ule upole ndio uliomtisha. Mlinzi wa zamani wa duka naye alianza kwa kutafutiwa mtu wa kumsaidia, akaishia kuachishwa kazi.

"Niache kidogo, bosi," alisema.

Saini ndiye aliyelichunguza boksi. Alilizungusha mezani, akaligeuza ubavu, akacheka.

"Tazameni. Lebo ya kwanza hii hapa, iliyolileta kutoka kwa wauzaji. Ina anwani ya duka hili, safi kabisa. Pale kwetu mzigo ukilala ubavu huu, mashine inaisoma hiyo, unaletwa huku. Lebo mbili, boksi moja, tutailaumu mashine? Hamkuipiga mkasi."

"Mkasi gani?" Mizani akauliza.

"Ah, mama, wewe tena. Siku yangu ya kwanza kazini ulikataa kunipa mzigo kwa sababu ubavuni kulikuwa na lebo ya zamani haijachorwa. Ukanipa kalamu, ukasema boksi halina midomo miwili. Ukanifundisha: mstari huku, mstari huku. Mpaka leo wenzangu wote nawafundisha hivyo."

Polepole akaangua kicheko. Bosi akashusha pumzi, akasema kumbe ni lebo tu, akarudi ofisini na mashavu yamelegea. Mizani naye akacheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Akachukua kalamu nene, akapiga mstari huku na mstari huku, na mkono ukaenda wenyewe vizuri.

Lakini kichwani alikuwa bado anautafuta. Mtu akikumbushwa alichosahau husema "ah", na ile "ah" haikuja. Alitazama rafu, maboksi ya miaka na miaka, kila moja na mkasi wake ubavuni, kazi ya mkono wake mwenyewe. Aliyaamini kama unavyoamini habari ya mtu mwingine. Madereva waliowaficha mafundi kelele za breki aliwaambia siku zote: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alipofika nyumbani dada alikuwa anapakua.

"Lile boksi limekwenda?"

"Limekwenda. Ilikuwa lebo." Akamsimulia yote, na dada akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Si nilikwambia ni uchovu?"

"Dada," Mizani alisema. "Sikuusahau ule mkasi. Umenitoka. Kama chumvi ya mama."

Dada akaweka upawa chini. Hakumbishia, na Mizani alitamani sana abishiwe.

"Naogopa," Mizani akasema.

"Na mimi." Dada akavuta kiti, akakaa karibu naye kuliko kawaida. "Kesho twende hospitali, wote wawili. Utanionyesha njia." Kisha akakisogeza kibakuli cha chumvi mpaka mbele ya sahani ya mdogo wake, akakishikilia pale.

"Na hii je?"

Mizani akainama akakitazama.

"Hii naijua," alisema, akachota, akanyunyiza kiasi chake kilekile.