Maji ya Phelister

Zamani mtoto wa mtaa wa Ziwani akianza kuharisha asubuhi, laini nzima ya nyumba ilikuwa imejua kabla chai ya saa nne haijachemka. Siku hizi mtoto aweza kukauka kama omena nyuma ya mlango wa vyuma, na jirani wa ukuta mmoja asijue hata jina lake.

Phares Ondiek alilijua jina kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa wa mabati. Kate. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, na mama yake alilitaja jina hilo mchana kutwa: Kate shuka, Kate tema, Kate wachana na hiyo. Mama huyo aliitwa Khalayi. Yeye na mumewe Mulama walihamia hapo baada ya mafuriko ya Mathare, wakapanga chumba kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba ya mzee Phares, mahali palipokuwa na ua wa michongoma na nyasi za kukalia Jumapili. Sasa hapakuwa na ua wala nyasi. Kulikuwa na vyumba vya mabati, na kila chumba na kufuli yake.

Kwa siku mbili Phares alikuwa amemsikia Kate akilia, na Khalayi akikimbia na beseni. Asubuhi hiyo kilio kilikatika. Kimya ndicho kilichomtisha. Aliweka kikombe chini, akatoka na kandambili zake.

"Hodi! Mama Kate!"

"Nani?"

"Mimi, Baba Willis. Wa hapa ukutani."

"Mulama hayuko, mzee. Ameenda kazi."

"Simtafuti Mulama. Mtoto amenyamaza kwa nini?"

Khalayi alikuja mlangoni na mtoto kiunoni. Kufuli hakuifungua. Kupitia nondo za mlango Phares aliona macho ya Kate yamezama, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Kichwa kilimwegemea mama kama cha mwanasesere.

"Mfinye ngozi ya tumbo. Polepole. Sasa achilia."

Ngozi ilisimama kidogo kabla ya kurudi.

"Amekojoa lini?"

"Jana. Sijui. Jana jioni labda."

"Na unampa nini anywe?"

"Nimemnyima. Kila akinywa, yote inatoka. Nikasema wacha tumbo ipumzike."

Phares alishika nondo kwa mikono miwili. "Mama Kate, kwani maua ukiyanyima maji yanapumzika? Mpeleke hospitali sasa hivi."

"Na nini? Nimepigia watu wa bodaboda wote. Hakuna anayekubali kutoka."

Hata Phares alijua hilo. Ilikuwa siku ya maandamano. Tangu asubuhi vishindo vya mabomu ya machozi vilikuwa vikitoka upande wa Majengo, na moshi wa matairi ulikuwa umelala juu ya paa. Barabara zote zilikuwa zimefungwa. Kwenda kwa miguu na mtoto katika moshi ule kulikuwa kumtoa kwenye shimo na kumtia kisimani.

Basi hapakuwa na dawa nyingine ila ile ya Phelister.

Phelister alikuwa mke wa Phares, na sasa alikuwa amelala kaburini Ugenya kando ya mama mkwe wake. Siku ambazo manesi wa kanju, yaani wa baraza la jiji, walikuwa bado wanapita nyumba kwa nyumba, walimfundisha kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Tangu hapo sufuria yake haikukauka. Mtoto wa yeyote akiharisha, Phelister aliingia bila hodi, akamtwaa mapajani, akaanza kumnywesha kwa kijiko huku akimsema mama yake vibaya. Hakuna mama aliyekasirika, maana kesho ingekuwa zamu ya mwingine kusemwa. Na alikuwa na sharti lake: anayechanganya ndiye wa kwanza kuonja. Maji yakishinda machozi kwa chumvi, yanamwagwa, hata kama ni ya mwisho nyumbani.

"Una maji yaliyochemshwa?"

"Iko ya thermos. Nimeiacha ikapoa."

"Lita moja. Pima na chupa ndogo za maji, mbili zijae. Sukari vijiko sita vya chai. Vijiko vya chai, si vya kupakua mchele. Pitisha kisu juu ya kila kimoja kiwe sawasawa. Chumvi nusu kijiko, basi. Koroga mpaka usione kitu chini."

Aliingia ndani na mtoto. Phares alibaki nje kama muuza nyanya. Zamani angekuwa amekaa kwenye stuli, mtoto mapajani mwake. Leo mzee akimshika mtoto wa jirani, watu hutoa simu wamrekodi. Hakumlaumu Khalayi kwa kufuli yake. Alizilaumu siku.

Kijiko kiligonga sufuria. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

"Iko tayari."

"Umeonja?"

Ndani kitanda kililia kwa kukaliwa.

"Mama Kate, nimeuliza umeonja?"

"Niko kwa mfungo, Baba Willis. Siku tatu, kavu. Pastor alisema hata mate nisimeze ovyo. Nafungia huyu huyu mtoto."

"Haya, lete mimi nionje. Mimi sifungi chochote siku hizi ila mshipi."

Khalayi hakucheka. Tayari alikuwa amekaa kitandani, kijiko kimejaa, kidole chake kikifungua midomo ya Kate.

"Usimpe! Lete hapa kwanza!"

Sauti hiyo ilimshtua hata yeye mwenyewe. Khalayi alisimama, akapitisha kikombe kati ya nondo. Phares alionja, akatema papo hapo kwenye vumbi. Ulimi ulimwaka.

"Umetia chumvi ngapi?"

"Nusu. Vile umesema."

"Khalayi!"

Alikuwa hajawahi kumwita jina lake. Mwanamke aliangalia chini.

"Na ile ya maombi," akasema. "Ile tulipewa kanisani. Imeombewa. Nilitia konzi moja tu. Si ni chumvi tu, Baba Willis? Si ni nzuri zaidi?"

Phares alifumba macho. Alitaka kusema mambo mengi juu ya pastor huyo, na alikuwa nayo mengi. Lakini mtoto hakuwa na muda wa kumsubiri amalize hasira zake.

"Mungu hajakataa maombi yako," alisema polepole. "Lakini chumvi hii ingemmaliza. Figo la mtoto ni kama harage. Chumvi ikizidi, inayanyonya maji yaliyobaki mwilini. Mwaga."

"Ndiyo maji ya mwisho. Mfereji umekauka tangu Jumatatu."

"Mwaga, nimesema. Mimi ninayo."

Alikuwa nayo kweli. Mpaka leo alichemsha maji kila jioni na kuyajaza katika mtungi wa Phelister, ingawa hapakuwa na mtu wa kuyanywa ila yeye. Alirudi na mtungi mikononi, akihema. Ulikuwa mpana kuliko nafasi ya nondo. Alisimama, naye Khalayi akasimama upande wake, wakautazama wote wawili. Halafu Khalayi alitoa ufunguo kifuani, akafungua.

Walipima pamoja mezani. Khalayi alisawazisha sukari kwa kisu, mzee akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mfuko wa chumvi ya kanisa ulibaki juu ya kabati. Sufuria ilipokwisha kukorogwa, Phares alinyoosha mkono aonje, lakini Khalayi alikitwaa kijiko kwanza. Alikitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka karibu kama ya mtoto. Akaonja, akameza.

"Haizidi machozi," akasema.

Wakaanza. Kijiko kimoja, kungoja, kijiko kingine. Kate alitapika vile vya kwanza vyote. Khalayi alitaka kuacha, Phares akamkataza: ngoja kidogo, halafu anza tena, polepole zaidi. Nje mtu alipita mbio, kisha kundi zima, na harufu ya gesi ikaingia hadi chumbani. Waliloweka kitambaa wakakiziba chini ya mlango. Kwa njaa na uchovu Khalayi alianza kumwaga kijiko kabla hakijafika mdomoni, na hapo ndipo Phares alipomchukua mtoto mapajani bila kuomba ruhusa.

"Phelister angekutukana sana leo," alimwambia.

"Wacha anitukane," Khalayi akasema. "Bora aje."

Jua lilikuwa limevuka upande wa pili wa paa Mulama alipofika. Alitembea kutoka viwandani akifuata reli, macho mekundu, shati mkononi. Aliona mlango wazi, mzee ameketi kitandani mwake, binti yake mapajani mwa mzee, na mkewe akilamba kijiko.

"Nini hii? Umevunja mfungo?"

"Baba Kate, ngoja..."

"Mzee, wewe ulikuwa daktari wa kanju ama fundi wa lori za takataka?"

"Fundi," Phares akajibu bila kuinuka. "Lakini lori zangu zilikuwa zinawaka kila asubuhi."

Mulama alipiga hatua. Kabla hajafika, Phares alihisi joto likienea kwenye suruali yake. Aliinua mtoto. Doa lilikuwa kubwa, nalo lilikuwa linaongezeka.

"Amekojoa!" Khalayi alipiga kelele kama aliyeona mvua Turkana. "Mulama, mtoto amekojoa!"

Mulama alimpokonya mtoto, akamtazama usoni. Kate alikuwa anamtazama pia, amekunja uso, anataka kijiko.

"Bado ni wa hospitali," Phares alisema. "Barabara ikifunguka tu, mpeleke. Na njiani msiache kumpa."

Giza lilipoanza kuingia boda alipatikana. Walikwenda na chupa mbili zimejaa. Siku ya pili Kate alirudi akilia kwa sauti ya afya, na ukuta wa mabati ukaanza tena: Kate shuka, Kate tema. Lakini Mulama alinunua kufuli mpya. Akikutana na mzee mferejini, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mtu aliyeona nyumba yako siku ya aibu yako si rahisi kumsalimu. Zamani aibu iligawanywa laini nzima, haikumlemea mmoja. Phares alilijua hilo, na hakuna aliyemuuliza.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Jumamosi, mwezi uliofuata. Mkokoteni ulisimama nje na kitanda, jiko na magunia. Mulama alikaza kamba bila kugeuka. Kate alikuwa juu ya godoro, ameng'ang'ania birika, akimzomea mwenye mkokoteni. Khalayi alitoka wa mwisho. Alipofika mlangoni mwa Phares alisita, akatazama mgongo wa mumewe, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haya basi, Baba Willis."

"Haya, Mama Kate."

Mkokoteni ukasukumwa, ukapinda kona ya ukumbi wa mtaa, na birika ikasikika ikigonga ubao mpaka isisikike tena.