Kibao Chenye Mkwaruzo

Mimi ni mchora hina. Tangu nimalize shule nimechora mabibi harusi wa Bagamoyo, wa Mlingotini mpaka wa Kiwangwa, na kama kuna mwanamke wa mjini kwetu aliyeolewa bila kupitia mikononi mwangu, basi aliolewa mbali. Najisifu, ndiyo. Ila kuna jambo lilikuwa likiniuma na sikumwambia mtu. Hina haikai. Bibi harusi anakwenda kwake, anaosha vyombo, anafua, na kabla mwezi haujaisha maua yangu yamegeuka madoa ya rangi ya chai. Picha nazo hatupigi, maana chumba cha bibi harusi ni cha wanawake, na kwetu mikono yake haizungushwi kwenye simu za watu. Miaka yote ile ya kazi, na sikuwa na ua hata moja la kuonyesha.

Aliyeniwashia moto ni mwenye duka la kanga pale mjini, mzee wa Kihindi ambaye nimewachora binti zake wote. Siku hiyo, baada ya shikamoo na marahaba, nilianza kuziponda kanga zake kama kawaida yangu. Nikamwambia mwaka huu pindo zote zinafanana, na yale maua yake ya umbo la korosho yamechorwa na mtu mwenye usingizi.

"Basi chora wewe," alisema.

"Nikichora utaichapisha?"

"Niletee kwenye kompyuta, siyo karatasi. Kiwandani hawataki karatasi siku hizi. Ikinipendeza, naitoa."

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Kanga inavaliwa mpaka inakuwa nepi ya mtoto, na ua bado liko pale pale. Nilijaribu kuchora kwa kidole kwenye simu, maua yakatoka kama ya mtu anayepiga chafya. Mume wangu ana steshenari, anatoa kopi na kupiga picha za pasipoti, kwa hiyo kompyuta ipo. Yeye ndiye aliyesema kinachohitajika ni kibao cha kuchorea: kitu bapa chenye kalamu yake, ukichora pale mchoro unaingia kwenye kompyuta. Alisoma habari zake jioni mbili tatu, akawa mtaalamu. Jumamosi tukashuka Dar.

Muuzaji alikuwa dada wa makamo, mpole, asiye na haraka. Kibao cha kwanza alichotuletea kilikuwa cheusi, kipya, hakina kioo. Unachora chini huku macho yako juu kwenye kompyuta. Bei yake ilikuwa ya kiungwana, na mume wangu akasema, "Hiki hiki." Nikakaa nikashika kalamu. Ukigusa kidogo mstari unakuwa mwembamba, ukikandamiza unanenepa, sawasawa na koni ya hina unavyoiminya. Nikafurahi. Nikachora jani la kwanza, la pili, halafu nikafanya ninachofanya siku zote: nikakigeuza kibao.

Mchora hina hajipindi. Anayegeuzwa ni bibi harusi. Nakaa mkekani, mkono wake uko juu ya mto, na kila nikitaka kushuka na shina nauzungusha mkono wake mpaka njia ije kwangu. Sasa nilipokigeuza kile kibao, mstari ukaenda pembeni kama mlevi. Nikafuta nikarudia. Ukaenda pembeni tena.

"Dada, hicho hakigeuzwi," muuzaji alisema. "Ukikigeuza, kompyuta haina habari. Kiache kimenyooka, zungusha mkono wako."

"Mkono wangu hauzunguki," nikamjibu. "Unaozunguka ni wa mwenzangu."

"Utazoea," akadakia mume wangu. "Watu wote wanazoea."

Hakuna kinachonipandisha hasira kama kuambiwa nitazoea. Nikamuuliza kama yeye yuko tayari kuzoea kula kwa mkono wa kushoto. Muuzaji akacheka chini chini, kisha akaenda kuleta kibao cha aina nyingine, chenye kioo chake. Hiki unachora juu ya mchoro wenyewe, kwa hiyo hata ukikigeuza vipi, mstari unafuata kalamu. Nikajua ndicho. Aliponitajia bei, mume wangu akainua macho akaanza kuitazama feni ya darini.

"Kipo kimoja kilichotumika," dada akasema, kama anayeomba radhi. "Kizima kabisa. Ila kina mkwaruzo, kila mtu akikiona anakirudisha."

Mkwaruzo wenyewe ulitoka pembeni ukafika katikati ya kioo.

"Bibie, kile cheusi kipya kiko pale," mume wangu akasema. "Wewe unataka majeruhi?"

Nilikipakata. Kalamu ilikwama kidogo ilipopita pale, na mimi huko kukwama nakufahamu. Mabibi harusi hawaji na mikono ya kwenye kalenda. Wanakuja na kovu la mafuta ya maandazi, kovu la panga la shamba la mananasi, na sijawahi kumrudisha hata mmoja. Kovu unalipitishia shina, unaliotesha majani huku na huku, na mwenyewe akitazama anasahau lilikuwa wapi. Nikapitisha shina juu ya mkwaruzo, nikakizungusha kibao, nikaotesha majani. Mume wangu aliinama akautafuta mkwaruzo, kisha akaenda kulipa.

Nilichora pindo lile steshenari, nimekaa mkekani chini ya meza, kibao mapajani, waya umepanda mpaka kwenye kompyuta. Mume wangu akiniita kwamba kuna mtu anataka kopi, namwambia asubiri jani liishe. Wateja walinuna. Nilifuta na kurudia mpaka siku moja mume wangu mwenyewe akasimama mbele ya skrini akasema, "Hili pindo sasa limekaa." Mzee wa duka alilalamika kwamba mji wa kanga, yaani ile sehemu ya katikati, uko mtupu, nikamwekea korosho moja pale kumridhisha. Maneno ya kanga aliyachagua yeye, ya mapenzi.

Kanga ziliporudi kutoka kiwandani, doti ya kwanza alinipa bure, zambarau kwa nyeupe. Nilifika nayo nyumbani nikaogopa. Kanga mpya ina wanga, lazima ifuliwe kwanza, na zipo kanga zinazochuja zikionja maji mara ya kwanza tu. Niliitia kwenye beseni nikaisugua kwa sabuni, kwa nguvu, kama ninayegombana nayo. Maji yakatoka na ukungu wa wanga. Nikaikamua nikaikunjua juani, na maua yangu yalikuwa yamesimama yote, jani kwa jani. Machozi yalinitoka pale pale uani.

"Vipi, imechuja?" mume wangu akauliza kutoka mlangoni.

"Yapo," nilimwambia. "Yote yapo."

Nikaitia tena majini nikaifua mara ya pili, kwa raha tu.