Swali la Kocha Alexis

Harufu ya dawa ya kuchua ilinifikia kila mara kabla ya Kocha Alexis mwenyewe. Asubuhi aliketi mbele ya chumba alichopanga uani kwetu, mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda, akilisugua goti lenye kovu refu lililopinda. Harufu ile kali ya kafuri ilichanganyika na moshi wa makaa ya mama na udongo mwekundu uliolowa mvua ya usiku. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimpelekea chai na mihogo ya kuchemsha, kisha nikakaa chini kumsikiliza, maana kwangu hakukuwa na redio iliyozungumza vizuri kumshinda.

Alizaliwa Kilo, baba yake mchimba dhahabu, akajifunza mpira kwenye kiwanja kilichozungukwa na mashimo, ambako mpira uliotoka nje ulifuatwa kwa kamba. Alipokuwa na miaka kumi na saba timu moja kubwa ya Kinshasa ilimchukua. Alicheza kiungo misimu sita, akaenda Ulaya misimu miwili, na huko, siku ya baridi kali, goti likamwacha. Alirudi kwetu Ituri na sanduku moja na picha zake za magazetini. Chuo cha ualimu cha pale mjini kikampa timu ya wanafunzi aifundishe, naye akaifundisha kama vile dunia nzima inaitazama. Ilikuwa na vijana wa kila kabila la Ituri, wakiwemo wawili kutoka Mahagi waliosali rozari kabla ya kuingia uwanjani. Kaka yangu Dido, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa kiungo wake. "Huyu ni miye mwenyewe," Kocha alimwambia mama, "ila yeye magoti yake iko mazima." Mama, mjane asiyecheka ovyo, alicheka. Tangu hapo sahani ya Kocha ilikaa kabatini pamoja na zetu.

Kisha vita ikaingia mjini. Sitaieleza yote, kwa sababu mtoto haioni yote. Niliona vizuizi barabarani, majirani wakifunga magodoro na kuhamia mitaa ya watu wa kabila lao, chuo kikifungwa, na uwanja ukiota majani hadi magotini. Kundi lililokuwa limeushika mji lilianza kukusanya vijana nyumba kwa nyumba. Mama akamficha Dido kwa mdogo wake, Mama mdogo Espérance, katika stoo ya nyuma, kati ya magunia ya maharagwe. Akanishika mabega. "Usiambie mutu kwenye Dido iko. Hata kama anakupatia bonbon tamu." Niliapa. Lakini katika akili yangu ya miaka kumi, Kocha hakuwa mtu wa kufichwa. Alikuwa mtu wa nyumbani.

Aliniuliza mchana, mama akiwa sokoni. Alichuchumaa mbele yangu, nikaona jinsi goti lilivyomuuma kufanya hivyo, mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Chantal, Dido iko wapi?"

Nilitazama njia ya sokoni.

"Kuna mechi ya amani kule Iga Barrière. Batu bote watakuja kuangalia. Timu bila Dido ni timu gani?"

Nilifurahi. Niliona vita imeisha na mpira umerudi. Nikamwambia nyumba, mlango, hata magunia. Alinipapasa kichwa, akainuka kwa kushika ukuta.

Kesho yake asubuhi Mama mdogo alifika kwetu mbio, kitenge kimefunguka, hana viatu. Gari lilikuwa limesimama mlangoni pake na wenye bunduki nyuma, na Kocha mbele pembeni ya dereva, amevaa trakisuti na filimbi shingoni. Hawakuvunja kitu. Kocha alimwita Dido kwa jina. "Alitoka mwenyewe," Mama mdogo alisema huku akilia, "na viatu vya mpira mukononi." Hakukuwa na mechi. Wachezaji wanane walikusanywa hivyo hivyo, mmoja mmoja, kwa sauti waliyoizoea, wakapelekwa kambini kufundishwa kuua.

Kocha hakurudi chumbani kwake. Baada ya wiki chache tukasikia wakubwa wapya wamempa idara ya michezo na vijana, na gari. Mama alitoa sahani yake kabatini akaivunja uani, polepole, kipande kwa kipande. Kisha akatuuliza, Mama mdogo na mimi, "Nani alimuambia?" Nikasema sijui. Nililisema neno hilo nikimtazama usoni.

Dido alirudi baada ya mwaka na miezi kadhaa, mwembamba, sikio la kushoto halisikii. Wenzake wengi hawakurudi. Mpira hakuugusa tena.

Vita ilipopoa, Kocha alirudi chuoni kufundisha timu, na mji ukampokea. Wanamwita mlezi wa vijana. Mwaka jana nilikwenda uwanjani.

"Mutoto wa Mama Dido!" alisema kwa furaha. "Umekuwa mumama."

Nilimuuliza kwa nini alimchukua Dido. Alijibu akiwatazama wachezaji wake.

"Walikuja kwangu na bunduki, Chantal. Walisema, lete vijana ao tunakukamata weye."

"Na gari? Gari pia walikupatia kwa bunduki?"

Alipuliza filimbi, akawafuata wachezaji upande wa pili.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Dido, anakotengeneza pikipiki, nikamwambia nililolificha zaidi ya miaka ishirini. Hakuacha kufunga nati.

"Nilijua toka siku ile. Mama mdogo hakusema, mama hakusema. Ulibaki weye."

"Na ulinyamaza sababu gani?"

"Ulikuwa mutoto. Yeye alikuwa mutu muzima."

Bunia ya leo imejaa pikipiki na majengo mapya, na watoto wangu wanalala bila kusikia risasi mtaani. Wana mengi ambayo sisi hatukuwa nayo. Lakini juzi jirani, mzee mwema ninayemjua miaka mingi, alimuuliza mwanangu wa mwisho baba yake yuko wapi. Mtoto alinigeukia kwanza, akasubiri niitikie kwa kichwa, ndipo akajibu. Mzee alicheka, akasema ana adabu. Si adabu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Katika umri wake mimi nilimjibu kila mtu mzima aliyeniuliza, nikidhani ndivyo watu wanavyoishi.