Seli Kuukuu ya Tajiri wa Garsen

Simtaji jina, maana wanawe bado wanafanya biashara palepale, lakini aliyenipofusha jicho la kulia ni tajiri wa duka lililotazama njia ya Lamu. Si shetani, si bahati mbaya. Ni yeye.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo. Duka lile lilikuwa na taa za umeme, na umeme wenyewe sisi vibarua wake tuliuweka chumba cha nyuma, kwenye chupa kubwa za kioo zenye asidi. Seli, tukiziita. Zilipangwa safu moja, kila moja imefungwa waya kwa jirani yake, na injini ya petroli ikizichaji zote kwa pamoja.

Seli moja ya katikati ikapasuka. Tajiri akatia kuukuu, sijui aliitoa wapi. Tangu hapo, tukichaji, zile nzima zinashiba na kuchemka, kuukuu bado ina njaa. Dawa yake ilikuwa kuitoa safuni, uichaji peke yake mpaka iwafikie wenzake. Tajiri alijua! Betri za lori lake zikipishana chaji, alizichaji mbalimbali.

"Endesha injini mpaka na hiyo ijae," akaniambia.

"Bwana, hizi nyingine zinachemka. Harufu inanikaba."

"Kwani ni uji, utaungua?"

Mwenzangu wa kazi, Muorma aliyekuja mjini baada ya ng'ombe zake kufa, akanicheka. "Wewe Mpokomo, mamba anakula jamaa zako kila mafuriko na hukimbii mto. Chupa ndiyo unakimbia?"

Nilicheka naye. Lakini dereva wa lori la tajiri alishanionyesha shati lake lilivyotobolewa na tone la asidi. "Hili likikuingia jichoni, basi," alisema. Toka siku hiyo nikiinama juu ya zile chupa nafumba macho nusu, pumzi nimeibana, naomba Mungu nitoke nikiona.

Siku yenyewe mto ulikuwa umejaa na mvua inanyesha. Madirisha tumefunga. Mbu wa mafuriko hawangoji jua lizame, kwa hiyo kila nyumba ilishaweka kigae cha mavi ya ng'ombe makavu, yanafuka moshi. Seli zilikuwa zinatokota kama vyungu. Tajiri akaingia anajipiga makofi shingoni.

"Mbu wananimaliza! Leteni kigae humu."

"Bwana, dereva alisema hewa ya seli inashika moto."

"Dereva ndiye anakulisha?"

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mwenzangu akaingia na kigae, anapuliza makaa yakolee. Tajiri akatoka kwenda dukani.

Sikusikia kishindo. Niliona weupe, halafu uso mzima unawaka, nami natambaa nje kwenye matope nikipiga mayowe.

Mama mmoja muuza maziwa akanilaza chali, akanipanua kope kwa vidole vyake, akanimiminia kibuyu kizima. "Fungua, mwanangu! Usifumbe!" Jicho la kushoto likaona vidole vyake. La kulia, giza.

Tajiri alisimama mlangoni, shati safi, anamwonyesha askari aliyefika yule Muorma mwenzangu, kifua kimeungua. "Huyu ndiye alileta moto."

Nikapiga kelele kuwa ni uongo, ni yeye aliyeagiza. Askari alishaanza kumfunga mwenzangu mikono, na yule mama ananiambia ninyamaze, maziwa yananiingia mdomoni.