Mbuzi Aliyerudishwa Mchana

Safari yangu kutoka Kisangani hadi Goma ilikuwa ndefu kuliko barabara yenyewe, maana kila lori lilipokwama nilishuka nikatafuta kazi. Mambasa nilipakia mbao. Butembo nilikaa kwa mfanyabiashara mmoja Mkatoliki aliyesali rozari na familia yake kila jioni, na ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Hata pale niliaga. Kanyabayonga, kwenye baridi, tulisubiri askari wa kutusindikiza kupita mbuga ya wanyama. Kalengera tairi likapasuka, tukaketi kando ya barabara tukila mahindi ya kuchoma, huku akina mama wakicheka Kiswahili changu cha watu wa mtoni. Niliwapenda. Kisha yakaanza mawe meusi ya volkano, vumbi, na mji uliojaa watu waliokimbia vita.

Nilipanga chumba mtaa wa Mapendo. Diploma yangu ya sekondari haikunipatia kitu. Leseni ya udereva ndiyo iliyonipatia kazi, katika nyumba moja ya mtaa wa Himbi iliyokuwa tawi la shirika la taifa la kupambana na rushwa. Mkuu wetu alitoka Kinshasa na hakujua Kiswahili. Basi nikiisha kuegesha gari, niliingia ndani kumtafsiria kwa Kilingala.

Watu walidhani tunafunga watu. Hatukuwa na pingu wala jela. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza, kwenda kuhakikisha, kumwita anayeshtakiwa, kisha kuwakalisha wote wawili katika chumba kimoja wasemezane uso kwa uso. Maneno yakisimama, faili ilipelekwa parke, kwa waendesha mashtaka. Mshtaki asipotokea siku hiyo, faili ililala. Nyingi zililala. Kulalamika mbele ya meza yetu kulikuwa rahisi. Kulalamika mbele ya jirani ndiko kulikowashinda watu.

Na mkuu alikuwa na sharti lake: ofisini hakupokelewi kitu, hata ndizi. Dereva aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu ya jibini ya Masisi.

Mwanzoni mwa mvua alikuja mama mmoja, mjane, mkimbizi kutoka Kalengera. Nilipomwambia kuwa niliwahi kukwama kwao, alitabasamu kidogo, kisha akaeleza. Alikuwa amelazwa hospitalini. Alipotoka, alikuta familia nyingine ndani ya hema lake kambini. Shefu wa bloku, yaani msimamizi wa upande ule wa kambi, alikuwa ameliuza. Sasa alimtaka mama atoe kitu ndipo apewe nafasi nyingine. Wanawake wengi walifanyiwa hivyo, lakini yeye peke yake ndiye aliyekubali kusema. Yeye na watoto wake walilala kwa wifi yake, wamebanana, na mvua ilikuwa inazidi.

Tulikwenda kambini, tukahakikisha. Mkuu akapanga siku ya kuwakutanisha.

Kabla ya siku hiyo mama alirudi, na kuku mwekundu kwapani. Kwao mtu haendi kwa watu wanaomsaidia akiwa mikono mitupu. Mkuu aliinua mikono yote miwili, akaniomba nimwambie kwa adabu kwamba sheria inakataza. Nikamwambia. Mama hakubishana. Alimtazama mkuu, akanitazama mimi, akamfunga kuku ndani ya kitenge akaondoka.

Siku ya kukutana hakuja.

Shefu wa bloku alikuja, amevaa koti, viatu vimepakwa rangi. Akaketi, akakunja mguu, akauliza nani anamshtaki ili amsalimie. Tulisubiri hadi chai ikapoa. Alipotoka alitushika mikono wote, hata mlinzi wa getini.

Mkuu alinituma kambini nikaulize kulikoni. Nilimkuta mama akichagua maharage mbele ya hema la wifi yake. Alinipa kigoda, lakini hakunitazama.

"Papa shofere," akasema, "mulisha kula ya ule mubaba. Nilijua."

Nikamwambia hatujala kitu cha mtu.

"Mutu akikatala kuku yako, ni kusema alisha kamata ya mwenzako. Kwenu Kisangani haiko vile?"

Wifi yake akacheka, akasema labda kwetu tunakula samaki tu, kuku hatumjui. Nilieleza sheria tena na tena. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Kwao zawadi inayokataliwa ni mlango unaofungwa, na nani hufunga mlango kama ndani hakuna mgeni mwingine?

Nilirudi nikamsimulia mkuu. Alichezea kifuniko cha kalamu. Akasema kwao Kinshasa pia ni hivyo, ila alikuwa amesahau. Lakini kuku hatampokea.

Siku chache baadaye tulikuta mbuzi amefungwa getini. Mlinzi alisema ameletwa na shemeji wa shefu wa bloku, kama asante. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata yule bwana alikuwa amesikia habari ya kuku, naye akaielewa vilevile: tumemkataa mama kwa ajili yake. Nilidhani mkuu atakasirika. Badala yake alitabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mrudishe," akaniambia kwa Kilingala. "Lakini usipite barabara ya nyuma. Pita katikati ya kambi, saa ya soko."

Sijawahi kuendesha gari polepole vile. Mbuzi alitoa kichwa dirishani akilia kana kwamba anachinjwa, na watu wakaanza kutufuata. Mtu aliuliza kama serikali imeanza kutembeza mbuzi. Mwingine akasema huyu angalau ana kiti, sisi tunatembea kwa miguu. Tulipofika kwa shefu wa bloku nilimshusha mbuzi, nikamkabidhi bwana huyo kamba, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba ofisi inashukuru lakini haipokei. Alisimama ameshika kamba, hajui aitupe au aivute. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Mama alikuwa miongoni mwao. Alinisogelea gari likigeuka.

"Kumbe munakatalaka bote," akasema, yaani tunawakatalia wote, si yeye tu.

Mkuu akaita mkutano mwingine. Safari hii mama alikuja, na wanawake wengine nyuma yake. Viti havikutosha, wakakaa sakafuni. Shefu wa bloku alisema kwa upole kwamba yeye alikuwa anamlindia mama hema lake tu.

"Ulikuwa unalinda na familia ya nani ndani?" mama akamuuliza.

Baada ya hapo wengine nao walisema, mmoja mmoja, na mimi nilitafsiri hadi koo likakauka. Uongozi wa kambi ulimwondoa yule bwana kwenye usimamizi, akahama. Familia iliyonunua ilitafutiwa nafasi upande wa pili, na mama akarudi hemani kwake. Faili ikaenda parke.

Nilikaa Goma baada ya hapo kuliko nilivyozoea kukaa popote. Kisha vita ikakaribia tena, barabara ya kaskazini ikafungwa, mkuu akaitwa Kinshasa na ofisi ikafungwa kwa kufuli. Siku niliyoondoka nilipitia kambini kumuaga mama. Alikuwa juu ya jiwe akikaza kamba za hema, maana mawingu yalikuwa yanatoka ziwani.

Aliuliza juji, yaani hakimu, alisema nini. Nikamjibu ukweli: faili iko parke, hakuna aliyeifungua. Na yule bwana alikuwa ameonekana kambini tena.

"Na nyinyi munaenda," akasema. "Akirudilia, tutasemea wapi?"

Jirani yake, mmoja wa wale waliokaa sakafuni, akajibu kutoka mlangoni kwake bila kuinua kichwa: "Tutasemea hapa hapa. Atasikia."

Mama akaangua kicheko, akaongeza jiwe juu ya kamba. Matone yalipoanza alinitakia safari njema, akaingia ndani na kufunga mlango. Nami nikateremka bandarini, kutafuta boti ya Bukavu.