Picha Niliyoikata Ilimhamisha Mwalimu Wangu

Nilisema uongo, na nilijua ni uongo. Kisingizio sina. Naomba tu mnisikilize, maana nyumbani sina tena wa kumwambia.

Mimi ni fundi wa simu hapa Voi, lakini kwetu ni Kasigau. Mwaka wa uchaguzi, mwalimu aliyenifundisha kusoma, mama mjane aliyestaafu, aliamua kuwania kiti cha wadi. Mimi nilikuwa upande wa mpinzani wake. Huyo aliniahidi kazi ofisini kwake akishinda.

Wakati wa kampeni kulikuwa na kiangazi kibaya, chakula cha msaada kikaletwa. Lori likashindwa na barabara, likashusha magunia ya mahindi kwa Mwalimu, nyumba ya kwanza ukiingia kijijini. Wazee wenyewe walimwomba ayahifadhi. Siku hiyo hiyo tukaanza kugawa. Nasema tukaanza, kwa sababu nilikuwepo. Nilibeba. Gunia moja nililipeleka kwa mama yangu.

Nilipiga picha pia. Watu wako kwenye foleni, Mwalimu amesimama mlangoni na magunia nyuma yake.

Wiki moja kabla ya kura, nikaikata ile picha. Foleni nikaitoa, akabaki Mwalimu na magunia. Nikaandika: "Mahindi ya wenye njaa yamelala kwa nani?" Nilijiambia swali si uongo. Jamani!

Kufikia jioni ilikuwa kwenye kila grupu la simu la kijijini.

Mwalimu alinifuata dukani kwangu Voi. Hakufoka. Aliniambia, "Wewe ulikuwepo, mwanangu. Waambie tu ulichoona."

Nikamwambia sawa, nitaandika. Sikuandika.

Alishindwa. Lakini kura ilikuwa jambo dogo. Watu aliowafundisha waliacha kumwamkia. Kanisani akawa anakaa benchi peke yake. Kikundi cha akina mama kikamwambia arudishe ufunguo wa stoo. Mwaka haukuisha, akahamia Taveta kwa binti yake.

Kazi nilipewa kweli. Ilikuwa ya kuandika mambo kama yale yale. Niliiacha, nikarudi kwa simu zangu.

Mama alipojua ni mimi, "Yale mahindi niliyapika mimi," akasema. "Nikakupakulia wewe." Tangu siku hiyo hajanipigia simu.

Ndipo nikaandika ukweli, nikaweka picha nzima kwenye grupu zile zile. Wakanijibu kwamba Mwalimu amenihonga. Wengine wakasema hii picha nzima ndiyo ya kutengenezwa. Ole wangu!

Nilienda Taveta kumwomba msamaha. Alinipa chai, akasema amenisamehe kitambo. Nikamsihi arudi nyumbani.

"Kwa nani?" akaniuliza.

Nilimaliza chai, nikaaga.

Wewe unayesoma haya, kama una picha ya mtu kwenye simu na unajua vizuri ulichokiona, usiikate. Usiipe maneno ambayo si yake. Siku utakayotaka kusema kweli, utaisema, na hakuna atakayekuamini.