Bibi wa Kadi Nyekundu

Mwaka 2023, msimu wa kusi, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne: mjane, mwalimu wa darasa la kwanza huko Chaani, mwenye shahada niliyoipata ukubwani kwa jasho langu. Jumanne, tarehe 8 Agosti, niliwasilisha mada katika kongamano la walimu, Shanzu. Mada moja tu ingepelekwa Nairobi. Nilikuwa nimepunguza slaidi kutoka arobaini hadi kumi na mbili, nikaamini safari ni yangu.

Nilipofika slaidi ya nne, bibi mmoja wa mstari wa mbele aliinua kadi ya njano. Darasani kwangu, mwenye swali huinua kadi, hapigi kelele.

"Nimekuona, mama," nikamwambia. "Maswali ni mwishoni."

Akainua nyekundu. Nikatatizika: swali gani hili lisilosubiri? Ukumbi ukacheka, nami nikadhani mifano yangu imewakolea. Akasimama, akaipunga.

"Keti, mama. Tustahiane."

"Nitaketi, mwalimu," akajibu kwa upole, "lakini mimi siulizi. Mimi ndiye mtunza muda, na dakika zako zimekwisha kitambo."

Ijumaa, tarehe 18 Agosti, kamati iliniita. Mwenyekiti akasoma kumbukumbu: mada haitakwenda Nairobi, kwa kuwa mwasilishaji hakufikia hitimisho, na alimwamuru mtunza muda aketi. Akaniuliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Niliyasoma mara mbili nikitafuta kosa, kisha nikatia sahihi.